Kaimu wa Mzee wa Jikoni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Jiko!

Jikoni kuna nini?

Moto!

Basi sogeeni motoni, msikanyagane, uongo wangu unaiva.

Zamani hizo, huko Uchina, chini ya mlima wa theluji, aliishi bibi mmoja jina lake Guilan. Wanawe walikwenda kufanya kazi mbali, wakawa wanarudi mara moja tu kwa mwaka, sikukuu ya mwaka mpya. Siku nyingine zote alikaa peke yake. Yaani, peke yake na Panya. Panya alikaa kwenye tundu nyuma ya jiko, na alikuwa mwizi. Simtetei. Aliiba mchele, aliiba karanga, aliiba hata uzi wa Bibi wa kushonea, na uzi hauliwi.

Sasa sikilizeni desturi ya kule. Kila jiko lina mzee wake. Ni picha ya karatasi, mzee mwenye ndevu, hubandikwa ukutani juu ya jiko. Mzee wa Jikoni haongei, lakini anaona kila kitu: nani kamwaga mchuzi, nani kamtukana mkwewe. Ikibaki wiki moja mwaka uishe, hupanda mbinguni kumpelekea Mfalme wa huko habari za nyumba. Watu watafanya nini? Kila mtu ana lake la kuficha! Basi humpikia peremende ya kimea, nzito, inayonata, wakampaka mdomoni. Akifika mbinguni aseme maneno matamu. Na kama matamu hana, basi mdomo usifunguke kabisa. Kisha huichoma ile picha, naye hupanda na moshi. Anarudi baada ya siku saba, wakati picha mpya inapobandikwa.

Siku saba hizo ukuta ni mtupu. Hakuna anayeona.

Na juu mlimani alikuwako Chui Milia, mkubwa, mwenye nguvu, mwenye tumbo lisilojua kutosheka. Mwaka mzima alimtamani Bibi Guilan. Mwaka mzima alimwogopa Mzee wa Jikoni. Kwani Mfalme wa mbinguni akisikia chui kamla mtu ndani ya nyumba yake, humvua mistari yote, abaki paka tu. Lakini jioni moja Chui akaona moshi wa karatasi ukipanda kutoka kwa Bibi. Akacheka.

"Mzee kasafiri! Sasa nani atanisemea?"

Kesho yake asubuhi akashuka. Gu! Gu! Gu! Theluji ikalia chini ya miguu yake, naye akawa anailamba njiani kwa kiu.

Siku ile ilikuwa siku ya kufagia nyumba, uchafu wa mwaka wote utoke. Bibi alikuwa uani, amefuata ufagio. Jikoni alikuwemo Panya peke yake, na juu ya jiko kulikuwa na chungu kimejaa peremende, laini, ya moto, akiba ya wajukuu. Panya akasikia miguu. Akachungulia, akaona mistari.

Angeweza kuingia tunduni, palikuwa hatua tatu tu. Lakini akawaza: "Bibi akiliwa, nani atapika? Nani atadondosha karanga?" Ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba alimpenda, ila kukiri alikuwa anaona haya. Akapanda ukutani, mbio mbio, akakaa kwenye rafu ya ubani, pale pale picha ilipokuwa. Akakunja mikono tumboni kama mtu wa ofisini.

Chui akasimama nje. "Nani yuko jikoni?"

"Kaimu yuko jikoni!"

"Kaimu wa nani?"

"Wa Mzee. Mzee yuko safarini. Ulidhani kazi zimesimama?"

Gu! Chui akatia kichwa mlangoni. "Nani yuko jikoni?"

"Kaimu yuko jikoni! Naona kichwa. Naandika: kichwa."

Gu! Chui akaingia mzima. "Nani yuko jikoni?" Safari hii sauti ilikuwa imepungua.

"Kaimu yuko jikoni! Naona mgongo, naona mkia. Naandika: mkia, mchafu."

Chui akamkazia macho. "Mzee ana ndevu. Wewe mbona huna?"

"Ndevu ni za mwenye cheo. Kaimu hupewa sharubu."

Chui akaona jibu lina maana. Akakaa chini. Akaitazama mistari yake ya kushoto, akaitazama ya kulia. Akalainisha sauti.

"Ndugu Kaimu, si tunaweza kuelewana?"

"Desturi unaijua. Mdomo hufungwa kwa peremende."

"Kiasi gani?"

"Chungu hicho, chote. Nipe chote, sioni, sisemi."

Hapo pua ya Chui ikapata harufu. Mh! Akatazama chungu. Akatazama mdomo wa Panya.

"Chungu kizima kwa mdomo kama punje ya mtama? Wewe tone moja linakutosha. Kinachobaki ni changu."

"La, usile! Ni cha kaimu!"

"Nitakuachia tone."

"Basi usijaze mdomo, nakuomba! Kidogo kidogo, mheshimiwa, kidogo kidogo!"

Jamani, nani aliwahi kumwambia Chui kidogo kidogo akasikia? Akachota kwa ulimi, akachota tena, akajaza mpaka mashavu yakavimba. Nyam! Nyam! Nya... nya... mmm.

Mdomo wake ulikuwa baridi kwa ile theluji ya njiani. Peremende ikaganda humo humo, meno ya juu yakashikana na ya chini. Akavuta juu: mmm! Akavuta chini: mmm!

"Naandika," akasema Panya. "Mmm."

Mara mlango wa uani ukafunguka, Bibi Guilan akaingia na ufagio. Fyaa! Puani. Fyaa! Mgongoni. "Uchafu toka! Uchafu wa mwaka mzima, toka!" Fyaa! Fyaa! Chui kung'ata hawezi. Makucha anayo, lakini yote yalikuwa usoni yakibandua peremende. Akatoka nje kinyumenyume, akageuka, akaupanda mlima gu-gu-gu-gu, na kwa mbali alisikika bado: mmm, mmm.

Bibi akafunga mlango, akatia komeo. Kisha akakaa sakafuni, ufagio bado mkononi. Alikuwa nyuma ya mlango wa uani tangu swali la kwanza la Chui. Hakuwa na pa kukimbilia. Alisikia yote.

Panya akateremka polepole, akijua ana kesi ya karanga. Bibi akajikongoja hadi kwenye chungu, akakikwangua. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kidogo. Hakukila. Alikiweka mbele ya tundu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kila mwaka wanangu wakiondoka nawaambia nabaki peke yangu. Kumbe nilikuwa nasema uongo."

Panya akala. Akataka kujibu, peremende ikamnata. Ikatoka: mmm.

Ngano yangu imeganda hapo. Iliyo tamu lambeni wenyewe, iliyo chachu mrudishieni aliyepika, nimekaa hapa. Na funzo lake? Panya ni mwizi, msimweke jikoni. Kaimu msimwamini. Na uongo, wanangu, tangu dunia iumbwe, haujamwokoa mtu hata mmoja.

Mbona mnacheka?