Sarafu Tatu za Bi Mwanakombo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa sarafu?

Na ikae na kutu yake!

Hapo zamani palikuwa na mtu akiitwa Msellem, mthamini wa sarafu kuukuu. Hutazama ukingo, hutazama maandishi, hutazama rangi, kisha huipa sarafu daraja na bei. Mji mzima ukimwamini. Na mji mzima ukimchosha, maana kila aliyemletea sarafu alikuwa ameshaisugua.

Siku moja akaja Bi Mwanakombo, mjane, paa lake linavuja na masika yako mlangoni. Alikuwa na sarafu tatu za marehemu bibi yake, zimefungwa kitambaani nyumbani. Msellem akamweleza kwamba sarafu ya kale ina ngozi, ile rangi yake ya giza. Ukiibambua, bei nayo imekwenda. Basi alete moja, na asiisugue kwa mchanga.

Bibi akaitikia. Kesho yake akaja nayo, inang'aa mpaka inaumiza macho.

"Sikutia mchanga, mwanangu. Nimetumia majivu."

Msellem akashika kichwa. Akamwambia si mchanga, si majivu. Bibi akaitikia. Kesho yake akaja na ya pili, mfalme aliyechorwa hana tena pua.

"Sikutia mchanga wala majivu. Ni ukwaju tu."

Jamani, mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Msellem alitamani kulia.

"Bibi, lakini kwa nini?"

"Nimelelewa hivyo, mwanangu. Kitu cha kupeleka kwa watu hakitoki kwangu kichafu."

Ikabaki moja, na mnunuzi wa sarafu aliyealikwa na Msellem angefika kesho yake. Msellem akaona kumkataza ni kumkumbusha. Akamwambia aje nayo alfajiri, ingali kitambaani, kuosha wataoshea pale pale. Bibi akaja, mikono inamwasha. Msellem akampokea sarafu, akamkabidhi dele la shaba, birika la kahawa la babu yake, jeusi tititi.

"Mgeni atakunywa kahawa, bibi. Hili ni aibu. Anza nalo."

Lo, bibi akalivaa! Mchanga, majivu, ukwaju, vyote vilipita. Hata mnunuzi anaingia, sarafu haijaguswa. Akatazama ukingo, akatazama maandishi, akatazama rangi. Daraja la kwanza. Akatoa bei ya kuezeka paa zima, na bibi akalia kwa furaha.

Ndipo mgeni akamiminiwa kahawa. Akalitazama dele, akaligeuza chini juu, akasikitika.

"Lingekuwa na rangi yake ya zamani, ningeiacha sarafu nikachukua hili."

Nyani haoni kundule, wenzangu. Mthamini wa mji mzima, na dele likimkodolea macho jikoni kwake miaka yote!

Bi Mwanakombo akampigapiga Msellem bega.

"Usihuzunike, mwanangu. Angalau limetakata."

Hadithi yangu imekomea hapo. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni. Ila mkienda kuisimulia, tafadhalini, msiisugue.