Siwa Tumboni mwa Zimwi

Hadithi ipo? Jibuni kwa nguvu, msimulizi kama mimi hampati mara mbili!

Alikuwapo malkia, Mwana Shumi, mke wa Mfalme Shungwa. Siku ya kwanza kuingia jumbani alimkuta zimwi analia njaa nyuma ya jiko, akamgawia ukoko wa wali. Tangu hapo akampelekea kila siku, wakubwa wakimcheka.

Vita vikaja. Fumo Kiwe, nduguye mfalme, akauteka mji, akamfunga Shungwa. Ilibaki siwa tu, ile pembe ya enzi. Akipuliziwa siwa, Kiwe ni mfalme, na Shungwa anachinjwa.

Malkia akakimbia nayo nyuma ya jiko. "Baba zimwi, nifichie!"

"Hilo tu, mama ukoko?" Zimwi akaimeza nzima.

Kiwe akapekua sandukuni, hamna. Akapekua kisimani, hamna. Akapekua jikoni, akamkuta zimwi ameshika tumbo.

"Shemeji, dubwana lako limekula nini?"

Zimwi akabeua. Siwa ikalia tumboni, mji mzima ukasikia: "Shuuungwaaa!"

"Siwa imemtaja mfalme!" askari wakapiga kelele, wakamfungua Shungwa. Kiwe alitoka mbio, makubadhi akayaacha.

Mwana Shumi akapiga magoti, akamlisha zimwi kwa mkono wake. "Ahsante, baba."

"Ahsante wewe, mama. Ulianza wewe."

Siwa haikutoka tena. Mji ule hatawazwi mfalme mpaka zimwi ale ukoko, ashibe, abeue.

Yangu yameisha. Nanyi mnaobakiza ukoko sufuriani, leteni huku!