Jina kwenye Pindo la Joho

Katika mji wa Zamhari alitawala Sultani Ghiyathi bin Tauri, mfalme mcha Mungu lakini mwepesi wa hasira, na katika mji huo alikuwako fundi wa kutarizi aitwaye Idarusi, ambaye hakuna mkono uliomshinda kwa uzi wa dhahabu. Sultani alimwagiza joho la Idi, na penye shingo alitaka litariziwe jina Al-Wakili, yaani Mwenye kutegemewa. Idarusi, kwa pupa ya kumaliza kabla mwezi haujaandama, alikitandika kitambaa juu chini bila kujua, na joho liliposhonwa jina tukufu likatokea kwenye pindo, mahali pa kuburura sakafuni.

"Umelishusha jina la Mola wangu miguuni pangu!" alifoka Sultani. "Ijumaa adhuhuri uje na mdhamini atakayeapa kwa shingo yake kwamba hukukusudia kufuru. Ukija peke yako, kichwa chako si chako."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Zamhari, na siku zilibaki tatu. Idarusi hakulala wala hakukaa. Alikwenda kwa shemeji yake Bakathiri, mume wa dada yake na tajiri wa viungo, ambaye kila siku alimwita ndugu, na Bakathiri akamsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Shemeji, mali yangu yote chukua ukipenda, lakini shingo ninayo moja," alisema, akafunga mlango.

Akakimbilia kwa Waziri Shamlani, ambaye vilemba vyake vyote vilitariziwa na Idarusi. Waziri akamkaribisha kwa kahawa na maneno matamu, na kahawa ilipokwisha akasema hana la kufanya. Idarusi akatoka na hasira nyingi kuliko hofu.

Ikabaki pete ya marehemu baba yake. Akaisugua, na mara likatokea jini Kamtari, kichwa darini, likasujudu. "Labeka, bwana wangu! Nivunje mlima gani?"

"Nenda kwenye hazina ya Sultani, lilimowekwa joho, ukalifumue lile jina."

Jini likatoweka, na kufumba na kufumbua likarudi, limekunja vidole, linatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. "Bwana wangu, usinitume tena. Lile Jina siwezi kuligusa. Mimi ni mtumwa, na mwenye Jina hilo ndiye Bwana wa watumwa wote. Kwa nini unaniomba mimi?"

Idarusi akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akalia kwa aibu. Miaka ishirini alikuwa akiliandika jina hilo kwenye mavazi ya watu, na haja yake mwenyewe akaipeleka kila mlango isipokuwa huo.

Ijumaa adhuhuri alisimama barazani peke yake. Sultani alikuwa amelivaa joho, umma wote ulione kosa.

"Mdhamini wako yuko wapi?"

"Mdhamini wangu ni Mwenyezi Mungu, ewe Sultani. Wengine niliwaendea kwanza, na hilo ndilo kosa langu kubwa."

Watu wakaguna. Sultani akainuka kwa ghadhabu, akamwendea, na pindo likaburura. Alipolihisi likisugua sakafu, hofu ya Mola ilimshika, akasimama, akainama, akalikusanya pindo kwa mikono miwili. Papo hapo mnyororo ukakatika darini na taa kubwa ya shaba ikaanguka kwa kishindo, hatua moja mbele yake, pale pale ambapo angekuwapo kama asingeinama.

Sultani, angali ameinama, akasema kwa sauti ndogo, "Idarusi, mdhamini wako amekuja."

Akamvika joho lile kwa mikono yake, pindo likiwa limekunjwa juu lisiburure tena, na baada ya Idi akamwoza bintiye Rumaisa, aliyekubali kwa furaha, na harusi ikaliwa siku saba. Bakathiri na Shamlani walikuja na zawadi, wakakaribishwa vizuri, kwani Idarusi hakuwa tena na la kuwadai wala la kuwategemea. Na jini alilifungua. "Nenda huru," aliliambia, "na ukiwa na haja, mwombe yule niliyechelewa kumwomba."