Nchi ya Tope Moja

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, vigoda na majirani wa kugombana nao, palikuwa na nchi iliyotawaliwa na Kiboko. Sogeeni. Wewe uliyejinyoosha hapo, kunja miguu, wenzako wakae.

Huyo Kiboko alikuwa na wivu, jamani! Alishinda amelala bwawani, na akiinuka mwili wote ni tope. Kichwani alivaa kilemba kikubwa cha matete kumkinga na jua. Basi kila akimwona Kanga na madoa yake, au Pundamilia na mistari yake, roho inamuuma.

Siku moja akaita baraza.

"Kuanzia leo," akasema, "wote mtafanana na mimi! Kila mmoja ajipake tope la bwawa langu. Kila mmoja avae kilemba cha matete, kishuke mpaka puani. Na nikisema neno, jibu ni moja tu, tena kwa sauti moja ya puani: Sawasawaaa!"

"Na asiyetaka?" akauliza Kanga.

"Atafukuzwa aende jangwani, kusiko na maji."

Nani anataka jangwa? Wakajipaka. Pembe zikapotea ndani ya matete, masikio yakapotea, na tope lile lilinuka uvundo hata usiweze kumjua mtu kwa harufu yake. Twiga maskini aliamriwa atembee shingo chini. Kutwa nzima nchi ilikuwa "sawasawaaa, sawasawaaa," kama nzi kwenye jungu.

Sasa, Pundamilia alikuwa amejificha kichakani, akajifungua mtoto wa kike, akamwita Tunu. Siku tatu Tunu alinyonya, huku akiitazama mistari ya mama yake. Mtoto wa pundamilia ndivyo anavyomjua mama, kwa macho. Siku ya nne walinzi wakawafuma. Walinzi wenyewe ni Nyati wawili, ndugu, wanene, wenye vichwa vigumu. Wakampaka mama tope, paa! paa! Wakamvika kilemba, kikambana pua hata sauti ikabadilika.

Mama akamwendea mwanawe. "Tunu, njoo unyonye."

Tunu akaruka nyuma. "Toka! Wewe si mama yangu! Mama yangu ana mistari!"

"Ni mimi, mwanangu."

"Sauti si yake! Harufu si yake! Mama! Mamaaa!"

Siku ya kwanza hakunyonya. Siku ya pili magoti yakaanza kumcheza. Mama akalia mpaka machozi yakachora njia kwenye tope la mashavuni, na Nyati wakaja kulipaka upya.

Aliyeyaona hayo yote ni Nguchiro. Mnamjua? Kadogo, mwili mwembamba, hakatulii. Mimi nampenda Nguchiro, sifichi. Wakubwa wote walikuwa wameinamisha vichwa. Kifaru na uzito wake ule, kimya. Yeye, anayeweza kulala ndani ya kikapu, ndiye aliyekasirika.

"Bibi Pundamilia, futa machozi," akasema. "Leo jua halitatua mtoto hajanyonya."

"Utafanya nini wewe, mdogo hivyo? Usije ukafukuzwa bure."

"Niachie mimi."

Mbio, chwi chwi chwi, mpaka kwa Kifaru. Akamkuta anasinzia.

"Shikamoo, Mjomba Kifaru."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Nguchiro. Nataka kukupa kazi ya kukaa."

"Kukaa?" Kifaru akafungua jicho moja. "Hiyo naiweza."

"Utakaa kwenye kigoda nitakachokuonyesha. Ukiulizwa lolote, jibu sawasawa. Usiongeze neno."

"Lolote?"

"Lolote, Mjomba."

"Sawasawaaa," akasema Kifaru, na kuinuka.

Kiboko alikuwa na desturi yake. Kila adhuhuri, akishashiba matikiti, huenda nyuma ya vichaka kugaagaa topeni. Nyati wawili hubaki kando ya kigoda wameinamisha macho, maana ilikuwa marufuku kumtazama mfalme usoni. Siku ile, Kiboko alipoondoka tu, Nguchiro akamleta Kifaru, akamkalisha. Kigoda kikalia kwaa! Nyati wakasikia kishindo wakijua mfalme amerudi.

Haukupita muda, huyoo Kiboko anakuja, anatiririka tope.

"He! Nani amekalia kigoda changu?"

Nyati mkubwa akamziba njia. "Simama hapo! Wewe ni nani?"

"Mimi ni mfalme, mjinga we!"

"Mfalme ameketi hapa."

"Huyo si mfalme! Mfalme ni mimi!"

Wanyama wakaanza kukusanyika. Nguchiro akajipenyeza katikati ya miguu yao, akasema kwa adabu zote, "Bwana Mlinzi, kwa nini ugombane? Si umuulize mfalme mwenyewe?"

Nyati akageukia kigoda, macho chini. "Ewe mfalme wetu, huyu hapa anadai yeye ndiye mfalme. Tumfukuze aende jangwani?"

"Sawasawaaa," akajibu Kifaru.

Lo salale! Nyati mmoja huku, mwingine kule, wakaanza kumkokota Kiboko, buruu, buruu, buruu! Miguu yake mifupi inachimba mifereji mchangani.

"Niacheni! Nitazameni vizuri! Ni mimi!"

"Tukutazame nini?" akauliza Nguchiro. "Tope ni lilelile. Kilemba ni kilekile. Ni wewe uliyesema tufanane."

"Mimi sifanani na mtu! Nina alama zangu!"

"Una zako? Hebu tuonyeshe basi."

Kiboko akajipurukusha, akaponyoka, akakimbilia mtoni. Chubwi! Akajisugua, akatupa kilemba, akaibuka mwili umetakata. Akaachama, aaah! Pua huku, taya kule, meno kama mipini ya majembe.

"Nani mwingine ana mdomo kama huu? Nani ana tumbo la waridi kama hili? Hakuna! Kila mnyama ana lake, na langu ndilo hili!"

 

Nguchiro akaruka juu ya kichuguu, akasimama kwa miguu miwili. Mngemwona! Wanyama wote wamemwinamia, na yeye hata hatetemeki.

"Mmesikia? Mfalme mwenyewe amesema kila mnyama ana lake! Tena ameoga mbele ya macho yetu! Mnangoja nini? Majini!"

"Hapana! Sikusema hivyo! Nilisema langu mimi..."

Nani anamsikiliza? Chubwi! Chubwi! Chubwi! Twiga akainua shingo, akapiga kelele kwa raha. Kanga akajikung'uta, madoa yakatokeza, akacheka kicheko chake mwenyewe, kekekekee, si cha puani. Hata Nyati mdogo akatupa kilemba, akajiona kwenye maji. "Kaka! Nilisahau kwamba pembe yangu moja imepinda!" Akalia kwa furaha, dume zima lile.

Kifaru peke yake alibaki kigodani. "Sawasawaaa," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Pundamilia walitoka majini sita kwa pamoja, mama yake Tunu miongoni mwao, wote mistari, wote wanang'aa. Tunu alikuwa amelala chini kando ya mto, shingo imemlegea. Nguchiro akamkimbilia. Hapo ndipo alipoogopa, msidhani hakuogopa.

"Tunu, mwanangu, inua kichwa," akamwambia. "Tazama."

Tunu akainua kichwa polepole. Akamtazama wa kwanza, akampita. Wa pili, akampita. Wa tatu, wa nne. Kwa wa tano Tunu akasimama, anayumba, akatembea mpaka alipomfikia.

"Mama!"

"Umemjuaje?" akauliza Nguchiro. "Wote hawa wana mistari."

"Huu wa begani umegawanyika," Tunu akasema. "Wa mama tu ndio ulio hivyo." Kisha hakusema tena, kwa sababu mdomo ulijaa maziwa.

Kiboko alibaki mtoni, macho tu ndiyo yanaonekana, wala hakuna aliyemwomba atoke. Nguchiro alikwenda zake kutafuta mayai, na njia nzima wakubwa walimpisha, wakimwita kwa jina lake.

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu: anayelazimisha wote wafanane naye, hata yeye mwenyewe hatajulikana.