Mpangaji Tumboni mwa Chembe

Paukwa!

*Pakawa!*

Palikuwa na nini?

*Palikuwa na maji!*

Na ndani ya maji?

*Walaji!*

Na ndani ya walaji?

*Ah, hapo tuambie wewe!*

Haya, nitawaambia. Ila anayekula asogeze sahani pembeni kwanza, nisije nikalaumiwa.

Hapo kale, katika ziwa kubwa lisiloonekana ng'ambo, waliishi wadudu wa maji, wadogo kuliko punje ya ulezi. Miili yao ilikuwa angavu kama maji yenyewe. Ukila, tumbo linaonekana. Ukilala njaa, linaonekana. Kwao hakukuwa na "hujambo" wala "habari za asubuhi". Walipokutana, mmoja aliuliza, "Tumbo lako?" na mwenzake akajigeuza ubavu akajibu, "Tazama mwenyewe." Basi. Watu wa namna hiyo hawaibiani mboga.

Mmoja wao aliitwa Chembe. Alikuwa mrukaji hodari, tiki! tiki! tiki!, na wakati huo alikuwa amebeba vifuko viwili vya mayai, kimoja kushoto, kimoja kulia. Siku moja akakuta kitu kidogo cheupe kinaelea. Akakimeza, hakukitazama mara mbili. Kulipokucha wenzake wakamuuliza, "Tumbo lako?"

"Tazameni wenyewe," akasema, akajigeuza.

Wakatazama. Tumboni mwake kulikuwa na kitu kimejikunja kama uzi. Na kile kitu kikawapungia.

"Chembe ana mtu tumboni!"

Loo! Nyie mnaovaa nguo hamuijui aibu ile. Chembe alijifunika jani la ziwa, jani likachukuliwa na maji. Alikula ukoga wa kijani mpaka kooni ili uzi usionekane, uzi ukajitokeza katikati ya kijani. Wadudu wale huwa wanashuka gizani mchana kuwakimbia samaki, na jioni wanapanda kula. Sasa wenzake wakishuka wanamwambia, "Wewe kaa mbali, utatuonyesha kwa samaki." Akakaa mbali. Na vifuko vyake vya mayai vikaanza kunywea, kwa sababu kila alichokula kiliishia kwa yule wa ndani.

"Wewe ni nani?" Chembe akauliza.

"Mimi ni Tegu, mama mwenye nyumba. Mpangaji wako."

"Sikukupangisha! Toka!"

"Nitoke niende wapi, mama? Njia yangu ni moja. Kutoka kwako naenda kwa dagaa. Kutoka kwa dagaa naenda kwa ndege Mnandi, na huko ndiko nitakakozaa. Wewe cheza juani tu, dagaa akuone, akutafune."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umeliwa, mama."

Mwone, ana ujeuri na adabu kwa pamoja!

Chembe akafikiri. Akatazama vifuko vyake. Akasema, "Sikiliza. Nitakufikisha kwa dagaa. Lakini tukiingia kinywani, toka upesi ushike njia yako ya kooni, nami nishike yangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama mwenye nyumba."

Basi, pale palikuwa na dagaa mmoja akiitwa Mzee Mameza. Nyangeta, usicheke. Najua kwako dagaa ni kitoweo cha kushika kwa vidole viwili. Kwa Chembe ni ndovu. Na Mameza alikuwa mkubwa kuliko dagaa wote na mlafi kuliko wote. Alikula asubuhi, akala mchana, akala huku anazungumza.

Chembe akatoka juani. Tiki! tiki! Akamchezea mbele ya macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo chakula kinanisalimia! Mbona hukimbii?"

"Nimenona, mzee, mbio siziwezi. Tazama mwenyewe. Haya meupe tumboni ni mafuta matupu. Nakuomba tu usinitafune, yatamwagika majini wakapata wengine. Nimeze mzimamzima."

Mameza aliposikia "wakapata wengine", akapanua kinywa. Gwip!

Mle kinywani Tegu akatoboa ubavu wa Chembe, swii, akateleza kooni. Maji yakatokea mashavuni mwa samaki, na Chembe akatoka nayo. Ubavu unamuuma, lakini yuko hai, na mayai yake anayo. Akaruka mpaka kwao.

"Tumbo lako?"

"Tazameni wenyewe!"

Wakatazama, hamna mtu. Wakamkumbatia. "Umemtupa wapi?"

"Huko," akasema Chembe, akatazama pembeni.

Tumbo la Mzee Mameza likaanza kukua. Na dagaa nao mnawajua, ukoo mzima wembamba, kwa hiyo kitambi kwao ni cheo. "Mzee amenawiri!" "Mzee ameota kitambi!" Likakua, likakua. Mameza akawa haendi mahali bila tumbo kutangulia. Lakini njaa ilikua pamoja nalo, maana kila alichokula, Tegu alikila. Basi akala mara mbili ya zamani. Na alimla nani? Ndugu zake Chembe! Leo shangazi, kesho binamu.

Chembe peke yake ndiye aliyejua kwa nini. Aibu ya kwanza ilikuwa tumboni, kila mtu aliiona, na ilipotoka ikaisha. Hii ya pili ilikaa mahali pasipoonekana hata kwa watu wenye miili angavu. Alishindwa kula kwa aibu hiyo.

Akaenda tena kwa Mameza. Akajibanza nyuma ya jani na kuimba, na dagaa wote wakaitikia wakidhani ni wimbo wa sifa:

*Tumbo kubwa, la nani?*

"La mzee!"

*Njaa kubwa, ya nani?*

"Ya mzee!"

*Tumbo na njaa nyumba moja,*
*ndani humo yuko nani?*

Dagaa wote wakamgeukia mzee. Mameza akasikia kitu kinajikunja tumboni mwake. Akaelewa. Akaona haya mpaka magamba yakamsisimka.

Mdogo wake akamsogelea, akamnong'oneza, "Kaka, kama unaumwa sema. Tutakuzunguka, tutashuka nawe gizani, Mnandi hatakuona."

Neno moja tu lilitakiwa, wenzangu. "Naumwa." Mameza akawatazama wale waliomsifu. Akawatazama tena.

"Kuumwa? Mimi? Haya ni mafuta!"

Akatanguliza tumbo, akapanda juu, juu kabisa, ili jua limmulike wamwone vizuri. Mnandi naye akamwona vizuri. Chubwi! Kwisha habari ya mzee.

Wadudu wakasherehekea. Mayai ya Chembe yakaanguliwa, watoto wakajaa tele, tiki! tiki! tiki! kila upande. "Mjanja wetu!" wakamwita mama yao. Wakimuuliza alifanyaje, anacheka tu, hasemi.

Huko juu, Mnandi alikaa jiweni akaanika mabawa yake. Akashiba, akapumzika. Siku zikapita. Kisha akainua mkia. Tifu! Kitu cheupe kikasambaa majini, kikawa vumbi, kikashuka polepole kama unga wa muhogo. Watoto wa Chembe wakadhani ni sherehe inaendelea. Wakafungua vinywa.

Chembe alikuwa ameambiwa njia yote, tena na mwenyewe Tegu. Kutoka kwake mpaka kwa dagaa, kutoka kwa dagaa mpaka kwa Mnandi. Hakuuliza kutoka kwa Mnandi ni wapi.

Kulipokucha wenzake wakamuuliza kitinda mimba wake, "Tumbo lako?"

Mtoto akajigeuza kwa furaha. "Tazameni wenyewe!"

Wakatazama. Tumboni mlikuwa na uzi, umejikunja. Ule uzi ukamtafuta Chembe kwa macho, ukampungia.

"Shikamoo, bibi mwenye nyumba."

Wote wakageuka kumtazama Chembe. Akatafuta pa kuuweka uso wake, asipaone.

Sasa, ngano hii inatufundisha nini? Sema, Majura. Tusifiche ugonjwa? Hapana! Tusimtupie jirani balaa letu? Hapana, kumbe ulikuwa unasinzia! Inafundisha hivi: ukipata aibu, mtafutie jirani aliyenona umpe yote. Haitarudi kwako kamwe.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, imezeni mzimamzima.

Na mbona mnanitazama tumbo? Haya ni mafuta.