Mbu wa Buluu na Makopo ya Maji

Sogeeni karibu, na aliyeukalia mkono wa mwenzake ainuke kidogo. Leo nawapa watu watatu, na kabla hatujatawanyika nataka mnirudishie mmoja.

Wa kwanza ni Mzee Shekondo. Huyu alijaliwa macho. Kazi yake ilikuwa kusaka viluwiluwi vya mbu kwa ajili ya kituo cha utafiti kule milima ya Usambara. Mimi na wewe tungeona maji machafu tu, yeye aliona kabila na ukoo. Wa pili ni Nahoza, aliyejaliwa mikono. Mdudu akipita mikononi mwake hafi, hata aje kilema. Wa tatu ni Dokta Semkiwa, aliyejaliwa kumbukumbu: mwonyeshe mguu wa mbu, atakuambia kama wataalamu wamewahi kuuona.

Siku moja Mzee Shekondo alichungulia kisiki cha mwanzi kilichojaa maji ya mvua, akaona viluwiluwi vinene, vyekundu. "Hawa siwajui," akasema, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa neno zito. Akawachota wote. Muda si mrefu mianzi ile ikang'olewa kupisha uwanja wa mpira, na kila alipotafuta tena hakuwaona.

Nahoza akawapokea katika beseni. Kulipokucha wamepungua, na waliobaki wamenenepa. Wengine wakasema wanakufa. Yeye akakaa akawatazama, akagundua kwamba wanalana. Akamtenga kila mmoja na kikombe chake, akawalisha viluwiluwi vya mbu wa kawaida. Wawili tu ndio waliofika ukubwani, dume na jike, wakubwa wa buluu, midomo imepinda kama ndoana. Hawakumuuma mtu, walifyonza maji ya sukari kwenye pamba. Akaweka kizimba chao mezani, na kila mguu wa meza akausimamisha ndani ya kopo la maji ili sisimizi wasipande.

Dume alipokufa, Dokta Semkiwa akamchoma pini, akamkagua kwenye hadubini hata shingo ikamkakamaa. "Huyu hana jina," akasema. "Hakuna aliyewahi kumwandika." Jike alibaki kizimbani, tumbo limejaa mayai. Huyo ndiye aliyekuwa tumaini pekee la kuwarudisha mbu hawa msituni.

Basi mkuu wa kituo, Mama Singo, akaja na wageni wake. Akasema, "Mbu huyu tutamwita kwa jina la mmoja wenu. Jina ni moja. Semeni, ni la nani?"

Wale wadudu walikuwa wametengwa, kila mmoja na kikombe chake. Watu hawakutengwa.

"Mimi nisingemwona, leo mngemtaja nani?" Mzee Shekondo akaanza.

"Uliwaona, ndiyo, Mzee," Nahoza akamjibu. "Lakini kwenye beseni wangelana wakaisha."

"Na bila mimi," Dokta akadakia, "mngekuwa na mbu mzuri wa kutazama, basi."

Mzee Shekondo akataka wageni wajionee mbu wake. Akaishika meza, akawahimiza wenzake, wakaitoa uani. Makopo yakabaki ndani. Dokta aliyakumbuka, lakini alikuwa katikati ya hotuba, na hotuba ilikuwa inamnogea. Nahoza alihisi sisimizi akimtambaa mguuni, akasema moyoni: si wamesema ni mbu wao? Wamwangalie wao.

Waliponyamaza kuvuta pumzi, kizimba kilikuwa cheusi kwa sisimizi. Jike alikuwa amebaki mabawa tu.

Jamani, aibu! Wageni waliangalia viatu vyao. Mzee Shekondo, mwenye macho yale, hakujua ayaelekeze wapi. Nahoza alificha mikono ndani ya kanga. Dokta, mwenye kumbukumbu ile, alitamani asahau. Laiti Mama Singo angefoka, wangepata nafuu. Lakini aliuliza kwa upole tu:

"Dume bado yupo kwenye pini, na jina bado linatakiwa. Ni la nani?"

"Mpe Nahoza," Mzee Shekondo akasema, akiitazama ardhi. "Ndiye aliyewalea."

"Mimi? Hapana, Mama. Mpe Dokta. Asingekuwa yeye, nani angejua kwamba mbu huyu ni mpya?"

"Mzee ndiye aliyewaona kwanza," Dokta akasema kwa sauti ndogo. "Bila yeye tusingekuwa na chochote."

Kila mmoja alimmwagia mwenzake sifa zile zile alizomnyima muda mfupi uliopita, na hakuna aliyezipokea. Mama Singo bado amesimama pale uani, anangoja.

Haya, nirudishieni mtu wangu mmoja. Jina likishaandikwa halifutiki. Wajukuu wa wajukuu zake watalisoma, na watauliza mbu mwenyewe yuko wapi. Wewe uliyekaa hapo, ungempa nani? Na ukishampa, tuambie: umemtuza, au umemwadhibu?