Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii imeonewa sana. Mabahili huifanya ufagio wa kumfukuzia mgeni aliyeanza kunogewa na ugali wao, na wavivu huichukia kwa sababu wanajijua. Kumbe maana yake ni njema: mtu akishapewa heshima zake za ugeni, apewe na heshima ya kazi, apate kuwa mtu wa nyumbani. Mwenye shaka na asikilize yaliyotokea Kwemshihwi, kijiji cha ujamaa kilichokuwa juu ya Bungu, katika milima ya Usambara.

Hapo Kwemshihwi aliishi mjane mmoja, jina lake Dorkasi, mwanamke mrefu, hodari wa kulima na hodari zaidi wa kutania. Marehemu mumewe alimwachia shamba la iliki lililositirika chini ya mishai, miti mirefu yenye majani madogo madogo. Iliki haipatani na jua kali. Ikikosa kivuli hugeuka njano, ikafa. Kwa iliki hiyo Dorkasi alikuwa amesomesha wanawe na kuezeka nyumba yake bati. Lakini miaka ile ya karibuni mishai ilizeeka. Kila masika upepo uliangusha mmoja hapa na mwingine pale, jua likaingia, na shamba likabaki na mapengo kama kinywa cha ajuza.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kornelio, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Wilaya ilitaka mahindi, na yeye alitaka kijiji chake kitajwe vizuri wilayani. Siku moja alimwendea mjane akamwambia, "Mama Dorkasi, miti yenyewe inakufa. Tuikate iliyobaki, tulime mahindi ya kijiji. Wewe utapewa eneo jingine." Dorkasi alisikia kana kwamba anaambiwa amzike mumewe mara ya pili. Shauri likawekwa lingojee mkutano wa kijiji wa Jumamosi. Ili isije ikasemekana kwamba wamemwonea mjane, kamati iliomba mtaalamu aje aseme neno lake.

Wilaya haikuwa na mtaalamu wa kuazima. Aliyekuja ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwanamwema binti Darweshi, mzaliwa wa Tanga mjini, aliyepelekwa milimani kwa mafunzo ya vitendo. Alikuwa akisomea ekolojia, yaani elimu ya viumbe na makao yao. Nadharia aliimeza na kuicheua bila kukosea. Katika mtihani wa mwisho alieleza jinsi msitu unavyozaliwa, unavyokua na unavyojiponya, hata mwalimu wake akampa mkono. Tatizo lake lilikuwa moja tu: misitu mingi aliyoijua ilikuwa ya ubaoni.

Alifikia kwa Dorkasi siku ya Jumatano, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hapa ni kwenu."

Heshima alizopewa hazikuwa haba. Nyumba ile ilikuwa ya Walutheri, na mgeni alikuwa Mwislamu, kwa hiyo Dorkasi alimwita Mzee Issa, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, aje achinje jogoo ili binti ale bila wasiwasi. Mwanamwema akanyoosha mkono kuchukua ndoo, akanyang'anywa. Akashika ufagio, akanyang'anywa. Marta, wifi yake Dorkasi, alimletea kiti kila aliposimama, mpaka binti wa watu akaona haya kusimama.

Siku mbili hizo alizunguka shambani na kamba yake ya kupimia. Akaikumbatia mishai mmoja mmoja, akapima unene, akatazama mapengo. Aliona jambo lililomshangaza: miti yote ilikuwa mikubwa. Hapakuwa na wa makamo wala mchanga. Nadharia ilimwambia kuwa msitu wenye afya una babu, baba na wajukuu. Hawa wajukuu wamekwenda wapi? Akafikiri, akafikia jibu la haraka, na haraka, kama mjuavyo, haina baraka.

Jioni ya siku ya pili, wakiwa wanakula, akauliza, "Mama, ni nani anayekata miti michanga shambani mwako?"

Kijiko cha Marta kikasimama hewani. Dorkasi akaweka bakuli chini taratibu.

"Mwanangu, tangu mume wangu afe, shoka halijaingia mle. Anayeutaka mti wangu ataniomba, nami nitamnyima. Hapa Kwemshihwi hatuibiani miti."

Mwanamwema alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliomba radhi, wakampa radhi, lakini chakula hakikuwa na ladha tena.

Kulipokucha, siku ya tatu, Dorkasi alimkuta barazani anafunga viatu. Alikuwa na majembe mawili begani. Moja akalisimamisha mbele ya mgeni, na jicho lake moja lilikuwa limenuna na la pili linacheka.

"Leo siku ya tatu, binti Darweshi. Chuoni hamkufundishwa methali?"

"Tulifundishwa, mama," Mwanamwema akajibu. "Ila sikudhani ingenifikia."

Wakaenda kupalilia, wao watatu. Na hapo lazima nieleze jambo moja. Wanawake wa Kwemshihwi walijivunia palizi kuliko nguo za Krismasi. Chini ya iliki hapakuruhusiwa jani la kigeni. Mkulima mzuri alijulikana kwa udongo uliofagiwa kama sakafu ya kanisa. Aliyeacha hata kijani kimoja alitaniwa njia nzima hadi mtoni.

Mwanamwema, aliyezoea kalamu, alianza kwa kukwatua nusu ya shina la iliki. Marta akacheka hadi akakaa chini. Viganja vikamwuma, mgongo ukamwuma, lakini akajikaza kisabuni. Hakuweza kutofautisha kitu na kitu kwa kuangalia akiwa amesimama, kwa hiyo akapiga magoti, akawa anang'oa kwa vidole, kimoja kimoja. Ndipo mkononi mwake kikabaki kimche chenye majani madogo madogo yaliyojipanga pande mbili. Alikitazama. Akainua uso akautazama mti uliomkinga jua. Majani yalikuwa ni yale yale.

"Mama, hiki ni nini?"

"Magugu," Dorkasi akajibu bila kugeuka.

"Mama, tazama. Si mshai huu?"

Dorkasi akageuka. "Ni mshai, ndiyo. Lakini hapo ulipoota ni magugu."

Mwanamwema akalikimbilia lile fungu la magugu waliyoyang'oa tangu asubuhi, akalifumua kwa mikono yote miwili. Vimche vya mshai vilikuwa tele, vingine vimeshaanza kunyauka. Kila alichokiandika kwenye mtihani kilikuwa kimelala pale: mbegu zilianguka, zikaota, zikangoja mti mzee uanguke ziwahi nafasi yake, na kila palizi jembe liliwahi kabla. Shoka halikuwa na kosa. Siku mbili alizunguka na kamba akitazama juu, na jibu lilikuwa miguuni pake.

"Mama, nisamehe mara ya pili," akasema, na machozi yalimlengalenga kwa furaha. "Wajukuu wa miti hii tunawang'oa sisi wenyewe."

Dorkasi aliinama kwenye fungu lile. Aliokota kimche kimoja, akakigeuzageuza, na uso wake ukaingia simanzi. Alikuwa amepalilia vizuri miaka yote, kwa kumheshimu marehemu, na ule uzuri wenyewe ndio ulioliua shamba la marehemu.

"Haya," akasema hatimaye, "tukiviacha vikue, iliki itangoja? Mshai hauwi mti kwa mwaka mmoja."

"Hapo ndipo sijui," Mwanamwema akakiri. "Mwalimu wetu alisema kuna mimea inayotangulia, inatayarisha mahali, kisha miti inafuata."

"Mimea ya kutangulia!" Marta akadakia. "Si migomba hiyo? Ukipanda leo, masika ya pili umekaa kivulini."

Wakatazamana. Kisha Dorkasi akaanza kucheka, kicheko ambacho Marta hakukisikia tangu msiba.

Jumamosi mkutano ulikaa katika darasa la shule. Mzee Kornelio alifungua, akaeleza habari ya mahindi, akamkaribisha mtaalamu. Mwanamwema alisimama na kapu. Hakutaja nadharia hata moja.

"Mwenyekiti, kijiji chenye wazee watupu, bila mtoto hata mmoja, kina maisha gani?"

"Kitakufa na wazee wake," Kornelio akajibu.

Akalimwaga kapu juu ya meza. "Hawa ndio watoto wa mishai. Wamezaliwa kila mwaka. Tumewaua kwa usafi wetu, na mimi nilishiriki Ijumaa."

Minong'ono ikatanda, hasa upande wa akina mama, ambao kila mmoja aliona jembe lake likitajwa. Kornelio hakukubali upesi. "Maneno mazuri. Lakini watu hawali mishai. Mahindi nitayapata wapi?"

Dorkasi akainuka. "Mwenyekiti, mwaka juzi tulifyeka mteremko ule wa pili, tukapanda mahindi. Tukavuna mara moja. Masika yaliyofuata udongo wote uliteremka mtoni, na leo kule kuna nini?"

"Mawe," sauti kadhaa zikaitika. Kornelio mwenyewe alikuwa ameushika mpini siku ile ya kufyeka. Alivua kofia, akajikuna kichwa, akatabasamu kama mtu aliyefumaniwa na asali.

"Basi mahindi tutayapeleka bondeni, kwenye tambarare. Mama Dorkasi, nakupa masika mawili. Iliki isipopona, tutakata."

Wiki ile ile migomba ikapandwa kwenye mapengo. Kila kimche cha mshai kikachomekewa kijiti, palizi ipite pembeni. Jirani waliopita walitania kwamba shamba la Dorkasi limeota ndevu, naye akawaambia wangoje. Masika ya kwanza iliki iliacha kufa. Masika ya pili ilichanua, na Kornelio alipokuja kukagua alisimama kivulini, akainama akayashika maua yake. Mwishowe akasema kwa Kishambaa kwamba huku ndiko kuzifya shi, kuiponya nchi, akaomba mbegu za mshai za kupanda kwenye mteremko wa mawe. Vijiti vikaonekana shamba hadi shamba.

Miaka ikapita. Mwanamwema akawa mhadhiri, akarudi Kwemshihwi akiongoza wanafunzi wenye kamba mpya na viatu visivyojua tope. Dorkasi, nywele zimekuwa nyeupe, aliwapokea kwa vigelegele. Wakaletewa viti na chai, na Mzee Issa akaitiwa jogoo wawili. Mwanamwema naye akavuta kiti ili akae.

"Wewe unakaa wapi?" Dorkasi akamshika mkono. "Wageni ni hao."

Akaingia ndani, akatoka na jembe lililokuwa nyuma ya mlango. Mpini ulikuwa umebadilishwa. Jembe lilikuwa lile lile, limenolewa, likimngoja. Mwanamwema alilipokea kwa mikono miwili, akacheka na kulia kwa pamoja, akajifunga khanga kiunoni. Wanafunzi wakanyanyuka haraka, wakidhani wameitwa.

"Kaeni, wanangu, mnywe chai," Dorkasi akawaambia. "Yenu ni keshokutwa."

Wale wawili wakashika njia ya shambani, ambako mishai michanga ilikuwa imeshaipita migomba kwa urefu. Mwenye kuipuuza methali ya wahenga na aende akapumzike kwenye kivuli kile, ataelewa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.